Sikuiba, Nilirina: Sheria ya Jinai na Maneno Yetu

(Haya niliyasema Jumamosi alasiri hapa Tabora, mbele ya walimu wa Kiswahili, wanafunzi wa sheria, mahakimu kadhaa na wazee waliowahi kuketi mahakamani kama washauri. Walioshindwa kufika wameomba niyaweke kwa maandishi. Nimeondoa vikohozi, na ile nusu saa umeme ulipokatika.)

Wazee wangu, shikamooni. Mwangaluka. Waheshimiwa mahakimu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojipanga kule mlangoni kama watu wanaosubiri basi, karibuni mbele. Viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie sheria ya jinai na fasihi. Mwalimu mmoja alinishika mkono pale nje akaniuliza: "Mama wakili, hivyo viwili vinakutania wapi?" Nikamwambia avumilie kidogo, nitaanza na asali. Niko Tabora, nitaanza na nini kingine?

Baba yangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Wakati wa likizo mimi na kaka yangu ndio tuliompelekea chakula cha mchana. Mahakama yenyewe ilikuwa chumba kimoja, madirisha wazi, na watu waliokosa nafasi ndani walisikiliza kesi kutoka nje chini ya mwembe. Siku hiyo alipandishwa mzee mmoja mwembamba, ananukia moshi, ameshtakiwa kwa wizi wa asali. Hakimu akamsomea: siku fulani, katika pori fulani, uliiba madebe mawili ya asali, mali ya fulani. Ni kweli au si kweli?

Mzee akasema: "Sikuiba. Nilirina."

Chini ya mwembe watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, maana nilidhani mzee anajificha nyuma ya msamiati. Hakimu hakucheka. Aliweka kalamu chini, akauliza: "Ulirina mzinga wa nani?" Mzee akajibu: "Wa babu."

Tangu hapo kesi haikuwa ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Ikawa kesi ya mti gani, mzinga ulitundikwa na nani, na ile alama iliyochongwa ubavuni mwa gogo ni ya ukoo upi. Ikabainika kwamba mlalamikaji aliuziwa mizinga na binamu wa yule mzee, na binamu hakumwambia mtu. Basi pale walisimama watu wawili, kila mmoja ana hakika moyoni kwamba asali ni yake. Sasa, ndugu zangu, wizi katika sheria yetu una miguu miwili. Kuchukua peke yake hakutoshi. Lazima uchukue kwa udanganyifu, bila kuamini kwa nia njema kwamba una haki na kitu hicho. Mguu wa pili ukikosekana, wizi hausimami. Mzee aliachiwa, wakaambiwa wakadaiane mzinga kwa shauri la madai.

Mguu huo wa pili mzee aliutetea kwa kitenzi kimoja tu. Nani hurina mzinga wa mtu mwingine? Wa mtu mwingine huibwa. Neno "kurina" limebeba ndani yake msimu, moshi, kamba, mti, na haki ya aliyepanda. Angesema "nilichukua," karani asiye makini angeandika "mshtakiwa amekiri" na shauri lingekwisha kabla ya ugali wa baba kupoa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ile inayotumika kuanzia mahakama ya wilaya, inaagiza kwamba mshtakiwa akikiri, ukiri wake uandikwe kwa maneno yaliyo karibu kabisa na yale aliyoyatumia mwenyewe. Mnaona? Hata sheria inajua kwamba ukibadilisha maneno ya mtu umembadilishia kosa. Inajua, lakini mara ngapi tunaitii?

Hapo ndipo viwili vinapokutania, mwalimu wangu. Wenzetu wa vyuo vikuu vya Marekani walilifanya jambo hili kuwa somo kamili tangu mwaka 1973, James Boyd White alipotoa kitabu kikubwa cha kuwafundisha wanafunzi wa sheria kusoma na kuandika kama watu wa fasihi. Wamelipasua katikati. Kuna sheria ndani ya fasihi, yaani kesi na mawakili waliomo katika tamthilia na riwaya. Na kuna sheria kama fasihi, yaani kuisoma hati ya mashtaka, ushahidi na hukumu kama unavyosoma hadithi: nani anasimulia, nani amenyamazishwa, neno gani limeteuliwa, lipi limeachwa. Mimi leo nina shughuli zaidi na hili la pili. La kwanza nitaligusa nikifika Venisi.

Jambo la kwanza nataka mlishike ni kwamba sheria yetu ya jinai iliwahi kuwa na hadithi, ikanyang'anywa.

Kabla ya mwaka 1930 Tanganyika ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Rasimu yake ya kwanza ilisimamiwa na Macaulay, mtu ambaye mbali na sheria alikuwa mwanahistoria na mtunga mashairi. Na kanuni ile ilikuwa na kitu kitamu sana: baada ya kifungu, vihadithi. Wahusika wake hawana majina, wana herufi tu. A anaweka mfukoni chambo cha mbwa, mbwa wa Z anamfuata; je, A ameiba mbwa? A anakutana njiani na ng'ombe aliyebeba sanduku la hazina, anamswaga kuelekea anakotaka yeye. A anafunika shimo kwa vijiti na majani akikusudia kuua, Z anapita akidhani ni ardhi ngumu, anatumbukia, anakufa. Mtu ambaye hajawahi kuketi darasani angeisikia sheria ile na kuielewa, kwa sababu ilizungumza kama bibi anavyozungumza na wajukuu.

Mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu tuliyo nayo mpaka leo, Sura ya 16. Hii mizizi yake iko Queensland, Australia, katika kanuni iliyotungwa na Samuel Griffith na kupitishwa mwaka 1899. Ilipita Nigeria ya Kaskazini kabla ya kufika kwetu. Ni kanuni iliyonyooka, safi, inayokwenda kwa mpangilio. Lakini vihadithi havimo. A na Z walibaki Bombay.

Na cha ajabu, Griffith mwenyewe alikuwa mgonjwa wa fasihi. Alijua Kiitaliano, na alipotunga kanuni yake aliitazama kwa karibu kanuni ya adhabu ya Italia ya mwaka 1889. Baadaye, akiwa Jaji Mkuu wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Australia, alitafsiri kwa Kiingereza utenzi wa Dante, mshairi wa Italia, ule wa safari ya kuzimu, toharani na peponi. Hebu litafakarini hili. Mkono ulioandika vifungu vya mauaji na wizi vilivyotufikia sisi ndio ulioandika mistari kuhusu tabaka za jehanamu!

Na ile jehanamu ya Dante ni kanuni ya adhabu, tena yenye msimamo. Huko, wenye jeuri na wauaji wako tabaka ya saba. Matapeli, wala rushwa na wanafiki wako chini zaidi, tabaka ya nane. Wasaliti ndio wako chini kabisa, kwenye barafu. Dante aliona kwamba anayekudanganya ni mwovu kuliko anayekupiga. Griffith alizitafsiri tabaka zile zote, lakini katika kanuni yake muuaji yuko chini kabisa, na tapeli anakaa juu, karibu na mlango. Sisemi Dante yuko sahihi. Nasema tu kwamba kila orodha ya adhabu ni hadithi kuhusu nini kinamtisha aliyeitunga, na sisi hatujawahi kuketi tukaulizana nini kinatutisha sisi.

(Hapa mzee mmoja alisema kwa sauti, "Mwizi wa ng'ombe!" Ukumbi ukacheka. Mzee, nimekusikia, nalo nimeliandika.)

Jambo la pili ndilo lililonileta. Nitakaa hapa kwa muda, mnivumilie.

Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mshtakiwa wa kesi ya mauaji alikuwa anakaa kizimbani siku nzima akisikiliza watu wakijadili shingo yake kwa lugha ya wageni. Lakini kuleta lugha nyumbani ni kuleta pia maana za nyumbani, na maana za nyumbani hazilingani na za kifungu.

Chukueni kosa kubwa kuliko yote. Kwa Kiswahili tunaliita kuua kwa kukusudia. Magazeti yanaliita hivyo, redio inaliita hivyo, askari analiita hivyo. Nawauliza: mtu wa Isevya au wa Urambo akisikia "kuua kwa kukusudia," anaelewa nini? Anaelewa kwamba muuaji alikusudia kuua. Sivyo? Ndivyo. Kiswahili kinasema hivyo.

Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 196 kinazungumzia kusababisha kifo kwa nia ovu, na kifungu cha 200 kinaeleza nia ovu ni nini. Humo kukusudia kuua ni mojawapo tu. Kukusudia kumpa mtu madhara makubwa, kama vile kumlemaza, nako kunatosha. Kujua kwamba unachokifanya huenda kikaua, hata kama hujali atakufa au hatakufa, nako kunatosha.

Sasa msikilizeni kijana aliyekamatwa baada ya ugomvi wa kilabuni. Anaogopa, anataka kujitetea, anasema kwa moyo mweupe: "Afande, mimi sikukusudia kumuua. Nilikusudia kumvunja mguu tu, nimtie adabu." Anadhani amejitetea. Kwa Kiswahili cha mama yake, amejitetea kweli. Kwa kifungu cha 200, ametoka kujifunga kamba shingoni kwa mkono wake, tena bila kulazimishwa na mtu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Huyu hajui hata kama amejikwaa.

Niwape kisa changu, na kisa hiki kosa ni langu.

Nilikuwa wakili mchanga, mahakama ikanipangia kumtetea mtu aliyeshtakiwa kwa kumuua shemeji yake. Ulikuwa ugomvi wa mahari ambayo haikumalizika. Mshtakiwa alikwenda nyumbani kwa shemeji jioni, wakarushiana maneno, akampiga kichwani kwa mpini wa jembe, mara moja. Kisha akampakia kwenye baiskeli akamkimbiza zahanati. Akafia njiani.

Polisi walichukua maelezo yake ya onyo. Wasiojua, maelezo ya onyo, yale ambayo mtuhumiwa huyatoa polisi baada ya kuonywa, ni aina ya fasihi yenye kanuni zake kali kama utenzi. Huanza "Mimi ninaitwa," huendelea kabila, dini, kazi, kijiji, kisha husimulia kwa nafsi ya kwanza, "mimi" mwanzo mpaka mwisho. Lakini huyo "mimi" kwa kawaida hakushika kalamu. Aliyeshika kalamu ni askari. Ukisoma maelezo ishirini ya watu ishirini utashangaa jinsi wavuvi, wachungaji na wauza mitumba wanavyosimulia kwa mtindo mmoja, wote wakipenda neno "ndipo."

Niliyasoma maelezo ya mteja wangu mara nyingi. Niliyasoma kama mwanasheria. Nilitazama saa aliyokamatwa na saa aliyohojiwa, maana sheria inatoa saa nne za kumhoji mtu tangu akamatwe. Nilitazama sahihi. Nilitazama kama alipewa onyo. Vyote vilikuwa sawa, kwa hiyo upande wa mashtaka ulipoomba yapokelewe, nilisimama nikasema, "Sina pingamizi, Mheshimiwa." Yakapokelewa, na kama utaratibu unavyotaka, yakasomwa kwa sauti.

Shahidi akasoma: "Siku hiyo jioni nilikwenda kwa marehemu kummaliza."

Mteja wangu akageuza kichwa akanitazama. Siwezi kuusahau ule mtazamo. Tulipopewa mapumziko aliniambia: "Mama, mimi sikusema vile. Nilisema nilikwenda kuyamaliza."

Kuyamaliza. Kummaliza.

Walimu wa Kiswahili mmeshaelewa, naona mnavyotikisa vichwa. Kwa faida ya wanasheria, ambao sarufi tuliiacha kidato cha nne: hicho ni kiambishi cha mtendwa, kinachokaa kabla ya mzizi wa kitenzi. "Ya" ni mambo, maneno, yale yaliyopo kati yetu. Kuyamaliza ni kupatana. "M" ni yeye. Kummaliza ni kumuua. Kati ya mtu aliyekwenda kusuluhisha na mtu aliyekwenda kuua kuna silabi moja, nayo imeandikwa kwa wino wa bluu kwenye karatasi ya serikali.

Sijui mpaka leo kama askari alikosea kusikia au alidhani anasahihisha. Maana "kuyamaliza" lina tatizo machoni pa mtu wa karatasi. Yapi? Nomino iko wapi? Haipo. Nyumbani hakuna anayeuliza yapi, kila mtu anayajua. Karatasi haijui, karatasi inataka mtendwa anayeonekana, na jioni ile mtendwa aliyeonekana alikuwa amelala chumba cha maiti. Nadhani askari aliitafuta nomino, akaipata.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeipita silabi ile labda mara kumi. Muda wa kupinga ulikuwa umekwisha. Alilieleza jambo hilo kwenye utetezi wake chini ya kiapo, na mwendesha mashtaka akamuuliza kwa upole: kama hukusema hivyo, kwa nini wakili wako hakupinga? Swali zuri. Sikulala vizuri wiki ile.

Kilichomwokoa ni kwamba jaji aliisoma hadithi nzima, si sentensi moja. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Enock Kipela, ilishaweka vitu vya kutazama ili kuijua nia ya mtu: silaha ya aina gani, nguvu kiasi gani, sehemu gani ya mwili, mapigo mangapi, majeraha ya namna gani, maneno aliyoyatamka kabla, wakati na baada, na mwenendo wake kabla na baada ya tendo. Mwalimu wa fasihi akiisoma orodha hiyo atasema, hivi ndivyo tunavyomchambua mhusika! Naam. Jaji mmoja wa Uingereza alisema mwaka 1477 kwamba fikra za mtu haziwezi kuhukumiwa, kwa kuwa hata shetani hazijui. Mtunzi wa riwaya na jaji wote wanakabiliwa na moyo usioonekana, na wote wanausoma kwa vitendo. Pigo moja. Mpini, si panga. Baiskeli, usiku, akimkimbiza zahanati. Jaji akasema huyu si mtu aliyekwenda kummaliza mwenzake. Akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, miaka minane.

Nitarudi kwake.

Jambo la tatu ni fupi kidogo, lakini linaniuma. Ni msemo mmoja wa magazeti yetu. Mnaujua. "Ameuawa na wananchi wenye hasira kali."

Hebu tuuchambue kama shairi. Nani ameua? Wananchi. Mwananchi ni neno zuri, lina heshima, ni mtu anayepiga kura na kulipa kodi. Ni wangapi? Haijulikani. Majina? Hakuna. Wana nini? Hasira. Hasira gani? Kali. Sentensi imeshawaombea msamaha kabla hawajakamatwa! Kwa sababu hasira, katika sheria yetu, ni utetezi: mtu akichokozwa ghafla na kwa uzito, akatenda kabla ghadhabu haijapoa, kuua kwa kukusudia kunashuka kuwa kuua bila kukusudia. Sasa kijana wa miaka kumi na tisa amekamatwa na kuku wawili. Mmoja kapiga mwano, yaani yowe la kuita watu, wakatoka watu hamsini. Huyu kaleta tairi, yule kaenda kununua petroli, mwingine kaazima kiberiti. Mtu anayekwenda kununua petroli na kusubiri chenji, hasira yake ni ya ghafla? Kifungu cha 23 kinasema waliounganika kwa lengo moja lisilo halali, kosa likitokea kama tokeo linalotarajiwa la lengo lile, kila mmoja amelitenda. Kwa kifungu hicho, hamsini wale ni wauaji hamsini. Kwa gazeti, ni tabia ya hewa: kulikuwa na hasira kali, kama vile kulikuwa na mvua kubwa.

Na kuna neno lingine linaloua kabla ya panga kunyanyuliwa. Mchawi. Hapa kwetu na kwa jirani zetu wa Shinyanga, bibi zetu wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa jiko walilopikia wajukuu miaka hamsini. Hadithi ilitungwa kwanza, mtu akauawa baadaye.

Mahakama zimehangaika na hadithi hiyo muda mrefu. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisikiliza shauri la Fabiano Kinene na wenzake, kutoka Uganda. Walimkuta mtu usiku, uchi, anatambaa uani kwao. Wakaamini analoga, wakamuua. Mahakama ikakubali kwamba imani ile, kwa tukio lile lililotokea mbele ya macho yao, iliwachokoza, ikawapunguzia kosa. Mwaka 1951 ukaja mkasa wa Eria Galikuwa. Huyu alitishwa na mganga kwamba atakufa asipotoa fedha, akamuua mganga. Mahakama ikasema hapana: hofu si hasira. Hata hofu ya kweli kabisa haitoshi, lazima iwe ghadhabu iliyochemka palepale. Maneno mawili, hofu na hasira, na kati yao kuna kitanzi.

Na kipimo cha hasira hiyo ni nani? Sheria inamleta mhusika mmoja ambaye hajawahi kuzaliwa: mtu wa kawaida. Kanuni yetu inasema ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Kwa hiyo kila kesi ya namna hii, jaji analazimika kumtunga Mnyamwezi wa kawaida, Muha wa kawaida, na kumuuliza angekasirika kiasi gani. Wazee wa baraza mlioko hapa, nadhani hamkuambiwa, lakini mliitwa miaka ile yote kumsaidia jaji kumtunga mhusika huyo. Na baadhi yenu mlikuwa mnasinzia. Msinune, natania.

La mwisho. Nimeahidi Venisi.

Mnajua Mwalimu Nyerere alisoma hapa Tabora kuanzia mwaka 1937, akarudi kufundisha hapa Mtakatifu Maria baada ya Makerere. Mnajua pia kwamba alitafsiri Shakespeare, na kwamba tamthilia ya mfanyabiashara wa Venice aliipa jina Mabepari wa Venisi, ikatoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare kwa Mwalimu amekuwa wengi, na wote ni mabepari. Jina hilo ni hukumu, imetolewa kwenye jalada kabla ya ushahidi kusikilizwa! Mtafsiri ana madaraka ya jaji, nawaambia.

Tunaifundisha ile kesi shuleni kama ushindi wa akili: Shylock, mkopeshaji, anadai ratili yake ya nyama kutoka mwilini mwa mdaiwa, Portia anamwambia chukua nyama lakini mkataba haukutaja damu. Watoto wanapiga makofi. Mimi huwa nawauliza wanafunzi wangu waisome tena kama mawakili wa utetezi. Portia si wakili, amevaa nguo za kiume akajifanya msomi wa sheria. Hapa kwetu hilo peke yake ni kosa. Mumewe ni rafiki wa mdaiwa, na ndiye ambaye deni lilikopwa kwa ajili yake. Na tazameni kinachofuata baada ya damu. Shylock anataka kuondoka, anaambiwa ngoja: kuna sheria nyingine, mgeni akijaribu kuutoa uhai wa raia, mali yake inachukuliwa na uhai wake uko mikononi mwa mtawala. Hakuna hati ya mashtaka, hakuna siku ya kujiandaa, hakuna wakili. Mtu ameingia mahakamani akiwa mdai, anatoka akiwa mhalifu, shauri la madai limegeuzwa jinai katika kikao kimoja. Makofi yetu yanampigia nani?

Mwalimu mwenyewe alikijua kizimba. Januari 1958 TANU ilikutana hapa Tabora kuamua juu ya kura tatu, yaani kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mwaka huohuo, Dar es Salaam, alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya maneno aliyoyaandika dhidi ya maofisa wa kikoloni. Hukumu ilikuwa faini ya pauni 150 au miezi sita jela. Alilipa. Mtu aliyehukumiwa kwa maneno yake ndiye aliyekuja kututafsiria kesi ya Shylock.

Lakini fasihi isitulevye. Profesa mmoja wa Yale, Robert Cover, aliandika mwaka 1986 kwamba tafsiri ya sheria hufanyika katika uwanja wa maumivu na kifo. Ukiitafsiri vibaya beti ya Muyaka, mshairi wa kale wa Mombasa, Muyaka haumii. Jaji akimaliza kusoma, kuna askari magereza anayeinuka. Katika nchi hii, anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia adhabu iliyoandikwa ni moja, kunyongwa. Jaji Mwalusanya alisema mwaka 1994 kwamba adhabu hiyo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na ya kutweza utu, kisha ikasema Katiba hiyohiyo inairuhusu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika shauri la Ally Rajabu, ilisema kumfunga mikono jaji asiwe na adhabu nyingine ni kukiuka haki ya kuishi. Hatujamnyonga mtu tangu 1994, lakini sentensi ile bado inasomwa, na anayesomewa hana namna ya kuisikia kama fasihi.

Nilisema nitarudi kwa mteja wangu wa baiskeli.

Alitoka. Mwaka juzi nilikuwa sokoni natafuta uyoga, mtu akaniita kwa nyuma, "Mama wakili." Amezeeka, anauza karanga na mihogo mikavu. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za wazee, akanifungia karanga akakataa pesa. Nikamuuliza maisha. Akasema anashukuru, watoto wa marehemu sasa wanamwita mjomba tena. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza:

"Ile karatasi bado ipo?"

Nikamwambia ipo, majalada ya Mahakama Kuu yanatunzwa.

"Huwezi kuwaambia waiandike vizuri? Miaka nimeshaitumikia, hiyo sidai. Waandike tu kwamba nilikwenda kuyamaliza."

Nilimweleza kwamba kielelezo kikishapokelewa hakisahihishwi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua, halafu akamgeukia mteja mwingine.